Kola Zilizonyooka

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, hakuna aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kila mtu alibeba jina la kipande alichokishona. Aliyeshona kola za mashati aliitwa Kola. Aliyetia zipu za sketi aliitwa Zipu, na mdomo wake nao ulifunguka na kufungika upesi kama zipu zenyewe. Msichana wa mashine ya kutoboa matundu ya vifungo aliitwa Matundu. Mama mtu mzima aliyesimama mwisho wa chumba, mbele ya meza ndefu iliyovalishwa blanketi, akinyoosha kila kilichotoka mikononi mwa wenzake, huyo alikuwa Bi Pasi. Mwenye karakana, mwanamume mpole aliyeshinda na futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi hadi jioni, walimwita Fundi Mkuu kwa heshima. Akigeuka tu, Zipu alimwita Futi.

Kola alikuwa na mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Tumbo lilikuwa limemsogeza mbali na cherehani hata ikabidi anyooshe mikono kama mtu anayepokea mzigo dirishani. Bi Pasi, bila kuombwa, kila asubuhi alimkunjia shuka nene, akalipitishia pasi likapata joto, akamwekea nyuma ya mgongo. Aliliweka tu, akalisukuma kidogo kwa kiganja, akarudi kwenye meza yake.

Upande wa kulia wa cherehani ya Kola palikuwa na kisahani na kopo tupu la maziwa ya unga. Katika kisahani kulikuwa na vifungo kumi vyeupe vya shati, vile vyenye kasoro ambavyo haviuziki. Habari ya vifungo ilianza hivi. Mkunga wa kliniki alikuwa amemwambia Kola kwamba kila siku, saa ile mtoto anayopenda kucheza, atulie amsikilize.

"Sikupi hesabu ya kukariri," mkunga alisema. "Kila mtoto na tabia yake. Wewe mjue wako. Siku ukiona amebadilika, amepoa, usingoje kesho. Njoo. Hata kama ulikuja jana, njoo tu."

Kola aliporudi akasimulia, wenzake wakaona mambo ya kusikiliza peke yako hayana raha. Matundu ndiye aliyeleta vifungo. Kila mtoto akicheza, Kola adondoshe kimoja ndani ya kopo. Ti! Chumba kizima kisikie. Na kikidondoka cha kumi, Zipu apaze sauti, "Kumi!" na wote wagonge mikasi mezani mara moja, ko! Basi ikawa ndio desturi yao ya baada ya chai. Mtoto yule alikuwa mtu wa saa nne. Mama yake akishakunywa chai na kurudi kitini, haikupita dakika kumi kabla hajaanza shughuli zake.

Na shughuli zenyewe zilikuwa zimebadilika. Miezi ya nyuma alikuwa na vijiteke vya ghafla, kama mtu anayegonga mlango akakimbia. Sasa nafasi ilikuwa imekwisha humo ndani, akawa anajigeuza na kusukuma, taratibu lakini kwa nguvu, kama mkono wa mtoto unaotafuta njia ndani ya mkono wa sweta. Wakati mwingine goti, au kisigino, Kola hakuwahi kujua ni kipi, kilipita chini ya ubavu kikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Kulikuwa na siku za kwikwi pia, zikidunda sawasawa chini ya kitovu.

"Inauma?" Matundu alimuuliza siku moja kwa sauti ya chini. Na yeye alikuwa na mimba changa, ambayo watu walikuwa hawajaanza kuizungumzia.

"Haiumi. Inashangaza tu. Ni kama mtu kukushika bega ukiwa peke yako chumbani."

Mtu pekee aliyelalamika, tena kwa kutania, alikuwa Fundi Mkuu. Aliinua kola moja kwenye mwanga akasema, "Kola, mama, mishono yako ya saa nne ina kigugumizi. Angalia hapa, imebanana. Hapa tena."

"Msamehe, bosi," alisema Zipu. "Inashonwa na wawili hiyo."

Watu walicheka, na Kola alicheka.

Mara ya kwanza mtoto alipopoa ilikuwa wiki tatu kabla ya siku tunayoisimulia. Chai ilinyweka, ikapita nusu saa, vifungo viwili tu. Kola alishtuka, na karakana nzima ikashtuka pamoja naye. Fundi Mkuu alimpeleka kliniki kwa gari lake mwenyewe, na Bi Pasi alikaa naye kiti cha nyuma amemshika mkono. Mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba, aliacha bomba la mtu linavuja akaja mbio na suruali imelowa magotini. Basi mkunga akapaka mafuta tumboni, akaweka kile kifaa cha kusikilizia, na moyo wa mtoto ukasikika unakimbia vizuri kabisa. Papo hapo mtoto akarusha teke hata kifaa kikamponyoka mkunga mkononi. Wote walicheka. Kola alicheka huku anafuta machozi.

Mara ya pili ilikuwa juma lililofuata, na siku hiyo haikuwa nzuri. Kulikuwa na mashati ya shule nzima ya kumaliza. Walipoondoka Kola na Bi Pasi, kazi zao mbili zilisimama, na waliobaki wakalazimika kukaa hadi jioni kuziba pengo. Huko kliniki, mwanamke wa mapokezi alimwona akiingia, akasema kwa kicheko, "Wewe tena? Huyu mtoto anapenda kuja kutembea!" Watu waliokuwa kwenye benchi walitabasamu. Na mtoto, kama aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe, akaanza kucheza hata kabla mama yake hajapanda kitandani.

Mkunga hakucheka safari hii. Alimwambia, "Umefanya vizuri kuja. Na kesho ukiona hivi, uje tena." Lakini kuna maneno yanayoingia na kuna yanayobaki mlangoni. Ya mkunga yalibaki mlangoni. Yaliyoingia ni yale ya mapokezi, na mengine aliyoyakuta karakana asubuhi yake, pale Zipu, macho mekundu kwa kazi ya jana, alipomkaribisha akisema, "Shoga, nimepata jina la mtoto. Tumwite Jaribio. Jaribio la kwanza, jaribio la pili!"

Hakuwa na ubaya, Zipu. Hapo hapo alimsogezea Kola kiti. Kola alicheka kuliko wote ili asionekane hakucheka. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kuona aibu ya mwili wake mwenyewe, kama mtu aliyepiga kelele za mwizi mara mbili na mara zote mbili ikawa ni paka.

Sasa tuje kwenye ile Jumatano.

Chai ilinyweka. Mashine zikaanza kunguruma. Kola alikaa akingoja, mkono mmoja kwenye kitambaa, mawazo yote tumboni. Kimya. Sakafu ya karakana ile ilikuwa ya mbao, na cherehani kumi na moja zikienda kwa pamoja zilitetemesha kila kitu, viti, meza, mpaka chai iliyobaki kwenye vikombe. Kola alihisi mtetemo tumboni. Ni yeye? Akaachia cherehani yake, akasikiliza. Mtetemo uleule. Ulikuwa wa sakafu.

Zipu aliinua kichwa. "Kola, leo vifungo vimegoma?"

Kila mtu aligeuka. Hawakugeuka kwa ubaya. Matundu alikuwa anatabasamu, mkasi tayari mkononi, anangoja kugonga. Fundi Mkuu alitazama saa ukutani, kisha akatazama marundo ya mashati, na Kola aliuona ule mtazamo. Labda haukuwa na maana yoyote. Lakini yeye aliusoma alivyousoma. Jasho jembamba likamtoka puani.

Akachukua kifungo akakidondosha. Ti!

Hakuna kilichokuwa kimecheza.

Cha kwanza ndicho kilikuwa kigumu. Cha pili kilikuja chenyewe. Alivipa nafasi kati yake, dakika tatu hapa, tano pale, ili vifanane na kweli, na kila kimoja kilipogonga bati alihisi uso unamuwaka. Alijiambia kwamba mtoto amelala. Alijiambia kwamba alishasikia watu wakisema watoto hupoa wakikaribia kuzaliwa, ingawa mkunga alikuwa amemwambia waziwazi kwamba si kweli, mtoto hucheza mpaka siku yake. Kilipodondoka cha mwisho Zipu alipaza sauti, "Kumi!" Mikasi ikagonga, ko! Kola akainamisha kichwa juu ya kitambaa kama mtu anayetafuta sindano.

Nyumbani alikunywa maji baridi, akalala ubavu wa kushoto, akangoja. Mumewe alimuuliza, "Mchezaji wetu vipi leo?" Akajibu, "Yupo." Usiku ule alihisi kitu mara moja, kidogo, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kiti. Akakishika hicho kama ushahidi, akalala nacho.

Alhamisi, baada ya chai, alidondosha vifungo kumi vyote bila kungoja aulizwe.

Kisha akashona. Alishona kuliko alivyowahi kushona, maana akisimama atasikia ule ukimya, na akisikia ukimya itabidi aseme, na akisema itabidi gari litoke, Bi Pasi aache pasi, mume aache bomba, na mwanamke wa mapokezi acheke. Na kama mtoto atacheza tena mbele ya kifaa, atauweka wapi uso wake? Kola kwa kola, bila kupumzika. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza dazani tatu.

Fundi Mkuu alipita akachukua moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Akaziinua zote mbili juu.

"Njooni mwone," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Thelathini na sita, na hakuna hata moja yenye kigugumizi! Mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula. Kola, leo umenifurahisha, mama. Hongera."

Wenzake wakampigia makofi. Zipu akasema, "Sasa mtoto amejifunza kazi, haingilii tena!" Kola alitabasamu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kiti chake na kopo lake la maziwa.

Fundi Mkuu alizibeba zile kola mwenyewe mpaka kwenye meza ya pasi. Bi Pasi alizipokea. Alilaza ya kwanza, akanyoosha. Akalaza ya pili. Kufikia ya sita, pasi ilisimama. Alizichukua kola zilizobaki akaanza kuzipitisha kwenye vidole, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha humo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya mchana wa kazi. Alichomoa waya wa pasi ukutani.

Alikuja mpaka kwa Kola, akainama kama anayerekebisha lile shuka la mgongoni.

"Njoo unisaidie kukunja shuka hili kule," alisema.

Kona ya pasi ilikuwa na pazia la kuzuia mvuke. Walipofika nyuma yake, Bi Pasi alimwekea kola mbili mkononi.

"Hii ni ya juzi Jumanne. Pitisha kidole hapa. Unaona ilivyobanana? Na hapa. Na hapa tena. Mwanangu, mtoto akicheza, mguu wako huachia pedali. Hujui, lakini huachia. Wiki zote hizi nimekuwa nikipiga pasi hizi kola nikimjua mjukuu wangu, leo amecheza sana, leo amecheza kidogo. Nilikuwa nikizifurahia." Akaigeuza ile ya pili mkononi mwa Kola. "Hii ya pili ni ya leo. Nimezishika zote thelathini na sita. Vifungo vimesema kumi. Kola hazijasema hata moja."

Kola alitazama ile kola nyeupe iliyonyooka.

"Jana je?" Bi Pasi aliuliza. "Za jana zilienda moja kwa moja kwenye mashine ya matundu, sikuzishika. Jana alicheza?"

Kola alitikisa kichwa.

"Niliona aibu," alisema. "Mara mbili, Bi Pasi. Mara mbili nimewasumbua watu wote. Niliona aibu."

Alingoja kuulizwa ni mama gani anayeweza kufanya hivyo. Lilikuwa swali analojiuliza mwenyewe tangu jana. Bi Pasi hakuliuliza. Alifunga mtandio wake vizuri kichwani, akachukua mkoba wa Kola kutoka kwenye msumari, akautia begani kwake.

"Aibu tutakwenda nayo hukohuko kliniki," alisema. "Tukifika tutaitafutia pa kukaa. Twende."

Wenzake walidhani ni uchungu umeanza. Wakashangilia, Zipu akagonga mkasi. Fundi Mkuu alikimbilia funguo za gari huku futi inapepea shingoni. Hakuna aliyenung'unika. Hata mmoja. Kola alipita katikati ya makofi yao ameinamisha kichwa, na katika kumbukumbu zake zote za siku ile, njia ile fupi kati ya meza na mlango ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko nyingine.

Mwanamke wa mapokezi alipomwona alianza, "Haya, mtalii wetu..." kisha akamtazama usoni, akaiacha sentensi palepale. Aliinuka, akazunguka meza, akamshika Kola mkono wa pili. "Pita moja kwa moja, dada. Pita."

Kifaa kiliwekwa tumboni. Moyo ulikuwepo. Kola alipousikia alitaka kulia kwa shukrani, lakini mkunga hakutabasamu. Alisikiliza muda mrefu, akamfunga mikanda miwili tumboni, karatasi ikaanza kutoka kwenye mashine. Mkunga aliitazama karatasi ile, mstari wa mapigo ya moyo wa mtoto, uliokwenda karibu bila kupanda wala kushuka wakati ulipaswa kuchezacheza. Mlango ulifunguka, mumewe akaingia anahema, mikono ina matope.

"Tangu lini umeona amepoa?" mkunga aliuliza.

Chumba kilikuwa na watu wanne. Kola aliona kama mumewe amesimama pale akisikia tena lile "Yupo" la jana, ingawa mwanamume huyo hakujua chochote bado. Bi Pasi alijua. Bi Pasi aligeuka akawa anasoma tangazo la chanjo ukutani, kwa bidii, kama ana mtihani nalo.

"Leo asubuhi," Kola alisema.

Mkunga aliandika. Kalamu ilikwaruza. Bi Pasi aliendelea kusoma tangazo lake. Hakugeuka, hakukohoa. Alikuwa amemwachia Kola neno hilo lote aliseme mwenyewe au asiliseme. Na wema huo ndio uliomshinda Kola. Angekohoa tu, pengine angeng'ang'ania uongo wake.

"Hapana," alisema. "Jana. Tangu jana asubuhi. Nilidanganya. Niliwadanganya karakana, na mume wangu nikamdanganya. Usiku alijigeuza mara moja tu, kidogo. Basi."

Hakuthubutu kumtazama mumewe. Aliziona tu zile gumboti zake zenye matope, zimesimama. Kisha zikasogea, na mkono wenye matope ukaja ukakaa juu ya kichwa chake.

Mkunga alifuta neno moja kwa kalamu, akaandika lingine juu yake. "Asante kwa kuniambia," alisema. "Sasa tunafanya haraka."

Na walifanya haraka. Kabla ya alasiri Kola alikuwa chumba cha upasuaji, na mtoto alitolewa, msichana, mdogo kuliko ilivyotarajiwa, mlegevu kama kitambaa kilicholoweshwa. Hakulia. Watu watatu walimwinamia kwenye meza ya pembeni. Kola alihesabu. Hakuwa na kifungo, alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alifika kumi, akapita, akafika ishirini na tatu, ndipo kikatoka kilio chembamba, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake.

Baadaye mkunga alimweleza. Kondo la nyuma lilikuwa limechoka, halimlishi mtoto sawasawa, naye akawa anabana matumizi ya nguvu zake. Ndiyo maana alipoa. Zile mara mbili za kwanza huenda zilikuwa kulala tu, na huenda zilikuwa mwanzo wa jambo hili, hakuna awezaye kujua.

"Na kama tungesubiri hadi kesho yake?" Kola aliuliza.

Mkunga alimfunika miguu vizuri. "Hamkusubiri," alisema.

Mtoto alikaa siku tisa kwenye kitanda cha joto. Mumewe hakumuuliza lolote siku zote hizo. Siku ya kumi, wakiwa nyumbani, anamwogesha mtoto kwa ile mikono yake mikubwa, ndipo aliposema bila kuinua macho, "Siku ile ungeniambia, ningekuja. Hata mara ya mia ningekuja." Kola alijibu, "Najua." Na kule kujua, hata siku ile, ndiko kulikokuwa kunamuuma.

Miezi mitatu ilipita ndipo alipompeleka mtoto karakana wakamwone. Alikuta cherehani zimezimwa kwa ajili yake. Juu ya meza ya Bi Pasi palikuwa na kifurushi, na ndani yake koti dogo la njano, limeshonwa na wote. Kila mmoja alikuwa ametia kipande chake, hata Zipu, aliyetia kijizipu kwenye mfuko usio na kazi. Na mbele, kutoka shingoni hadi chini, vilipangwa vifungo kumi vyeupe vyenye kasoro.

Zipu alipanda juu ya kiti kutoa hotuba. "Mabibi na bosi wetu! Hivi ndivyo vifungo vilivyomlinda mtoto huyu. Mama yake alivihesabu siku zote bila kuchoka, na siku ile hali ilipobadilika, akajua! Mpigieni makofi mama mwenye hesabu!"

Mikasi ikagonga. Kola alimtazama Bi Pasi. Bi Pasi alikuwa amemwinamia mtoto, anamtengenezea kofia. Miezi mitatu, na hakuwa amemwambia mtu.

Angeweza kuchukua koti akashukuru. Shukrani zilikuwa tayari mdomoni. Lakini macho yake yaliangukia meza ya Matundu. Tumbo la Matundu lilikuwa limeshasogeza kiti nyuma, na kando ya mashine yake palikuwa na kisahani, na kopo lilelile la maziwa.

"Mimi nalitumia sasa," alisema Matundu kwa fahari kidogo, alipoona anatazamwa. "Jana kumi kabla ya saa nne na nusu."

Kola aliketi. Alimpakata mtoto vizuri.

"Matundu, mdogo wangu," alisema. "Nyote. Vile vifungo vya mwisho nilidanganya. Jumatano na Alhamisi. Ishirini. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kweli. Mtoto alikuwa kimya, na mimi nilikuwa nadondosha vifungo ili mgonge mikasi. Niliona aibu kwenda mara ya tatu. Aliyejua ni Bi Pasi. Alijua kwa zile kola ulizonisifia, bosi. Zilinyooka kwa sababu hakuna kilichonisimamisha."

Mtu mmoja, aliyekuwa bado ameshika mkasi, aliuweka mezani polepole usitoe sauti. Fundi Mkuu alivua futi shingoni akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

"Na mimi nilikupongeza," alisema.

Zipu alishuka kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue alikuwa amekosa neno. Alilipata baadaye, wakati Kola anaondoka, pale mlangoni.

"Shoga, ni mimi. Ile Jaribio. Nilijiona mjanja."

"Utani wako niliucheka," alisema Kola. "Mkono uliodondosha vifungo ulikuwa wangu."

Zipu alilia hata hivyo, akamfunga mtoto zipu ya ule mfuko usio na kazi, akaifungua, akaifunga tena.

Lile kopo, Matundu alilichukua siku hiyohiyo akatilia vipande vya chaki. Kuanzia hapo, kila siku baada ya chai, alizima mashine yake akaenda kukaa nyuma ya pazia la Bi Pasi, kwenye mvuke, bila kopo wala mikasi, mkono tumboni. Fundi Mkuu aliagiza mtu asimwite. Matundu alikwenda kliniki mara nne kabla ya siku yake, na mara zote nne mtoto alikuwa mzima, na mara zote nne Zipu alimkaribisha kwa kikombe cha chai na kufunga mdomo.

Kola alirudi kazini mtoto alipoanza kukaa. Watu hawakumkumbusha jambo lile, na koti la njano lilivaliwa mpaka likabana. Lakini zile kola thelathini na sita zilikuwa zimeshatoka. Zilitiwa kwenye mashati, mashati yakaenda shule. Hadi leo akipishana na watoto wa shule barabarani, macho yake huwaendea shingoni kabla hayajawaendea usoni. Anatafuta mshono uliobanana. Akiuona, anapumua. Na akiona kola nyeupe iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, huvuka upande wa pili wa barabara, mwanawe mkononi, na kuinamisha kichwa mpaka mwanafunzi yule apite.